Fundi Haanzi na Futi

Fundi hakushonei nguo mpaka uwe umepimwa mara mbili. Mara ya kwanza unapimwa na nesi wa kituo cha afya, kwa mikono, ukiwa umevua blauzi. Mara ya pili ndipo unapimwa na yeye, kwa futi yake ya manjano ambayo namba za mwanzo zimeshafutika. Ukija na kitambaa kabla ya kupita kwa nesi, anakipokea, anakisifia rangi, anakikunja vizuri na kukiweka juu ya kabati. Kitakaa hapo mpaka upate akili. Nimewahi kuona kitenge kimelala juu ya lile kabati kuanzia mavuno ya kahawa mpaka msimu wa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, na mwenyewe akipita barabarani anakichungulia kutoka mlangoni, kisha anaendelea na safari yake.

Mtu anaweza kuuliza, kwani Nkwenda nzima ina fundi mmoja? Wapo tele, wamepanga vyerehani barazani mbele ya maduka tangu kituo cha mabasi mpaka sokoni. Lakini hakuna mwingine anayekata gomesi, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka, ikakaa begani kama ilivyokusudiwa, wala anayeweza kuchukua wanakwaya wa maumbo yote, mnene, mwembamba, mwenye mimba na aliyejifungua juzi, akawatoa wote kama watoto wa mama mmoja. Hilo alilijua, na alilitumia bila huruma. "Waende kwa wengine," alikuwa akisema. "Watarudi mabega yakiwa shingoni."

Nimemfahamu kwa zaidi ya miaka ishirini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, niliolewa huku nikitokea Kihanga, na kitambaa changu cha kwanza cha ubibi harusi nilikipeleka kwake. Yeye ananiita Mwalimu, nami namwita Fundi. Jina lake nalijua, ila sitaliandika hapa. Najua angesema watu hawaji dukani kutafuta jina.

Chini ya meza ya kukatia ana kaunta buku lenye vipimo vya wanawake wa Nkwenda hadi Kaisho. Kila jina lina mabega, kifua, kiuno, nyonga na urefu. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, umeandikwa mwezi na mwaka ambao mwenye jina alionwa na nesi. Mwaka ukipita, maandishi mekundu yamekufa, unaanza upya. Nimelifungua mara nyingi daftari lile nikimsaidia kutafuta vipimo vya mtu, na kila mara nilitafuta humo jina lake mwenyewe. Sikuwahi kuliona. Jambo hilo lilinikera na kunitia hofu miaka yote, kwa sababu kama kulikuwa na mwanamke wa kuandikwa ukurasa wa kwanza, ni yeye. Fundi ana titi moja. La kushoto lilikatwa Mwanza kwa saratani.

Alilichelewesha mwenyewe, na hajawahi kumficha mtu. Alikuwa akinyonyesha mtoto wake wa mwisho alipokuta kitu kigumu ndani ya titi. Mama mkwe akasema ni maziwa yameganda. Huku kwetu maziwa yaliyoganda yana dawa yake: jani la mgomba linababuliwa motoni mpaka lilegee, linabandikwa kwenye titi likiwa bado la moto, na mtoto anahimizwa anyonye kwa nguvu. Fundi akababua majani. Mtoto akaacha kunyonya, akaanza kutembea, akafikia kutumwa kwa jirani kuomba kaa la moto, na mama yake bado anababua majani.

"Nilimaliza mgomba mzima kifuani," aliniambia. "Mgomba ni wa chakula. Mimi niliufanya daktari."

Tangu hapo, mwanamke akimwambia kwamba ana maziwa yaliyoganda, Fundi humuuliza kwanza mtoto ana umri gani. Mmoja alijibu, bila kufikiri, kwamba mtoto yuko darasa la nne. Nilikuwepo siku ile, na mtoto mwenyewe namfahamu, nilikuwa namfundisha hesabu. Fundi hakucheka. Alivaa viatu, akafunga duka, akamshika mama yule mkono na kumpeleka kituo cha afya huku futi ikiwa bado inaning'inia shingoni.

Aliporudi kutoka Mwanza, kila mtu alikuwa na ushauri juu ya upande uliobaki mtupu. Akashona kimfuko, akakijaza maharage, akisema ndiyo yenye uzito unaokaribia ule wa titi. Alikivaa kanisani kwa miezi kadhaa. Jumapili moja, katikati ya mahubiri, wadudu wa maharage wakaanza kumtoka shingoni, mmoja mmoja, wakitembea juu ya kola yake nyeupe. Mama aliyekaa naye benchi moja akawa anawapangusa kwa leso, kwa heshima zote. Fundi alicheka mpaka mchungaji akakatiza mahubiri. Alipofika nyumbani alimwaga maharage kwenye ungo, akayachambua, akayapika.

Hakujaza tena. Magauni yake anayakata kwa mwili alio nao: kulia kuna nafasi ya titi, kushoto kitambaa kimenyooka kuanzia begani mpaka kiunoni, na mshono wake ni safi kuliko wa bibi harusi. Ukimkazia macho anakuuliza kama na wewe unautaka mtindo huo. Lakini wanawake wengine wanaporudi kutoka hospitali wakiwa kama yeye, huwashonea vimto laini vya pamba na vipande vya vitenge, na huvipima kwa muda mrefu mpaka viwiane na upande wa pili. Nilimuuliza kwa nini anawapa wenzake kitu ambacho yeye anakidharau.

"Wao wanakitaka," akasema. "Mimi sikitaki. Unataka nimpangie mtu kifua chake?"

Hilo nalo lilinichekesha, maana kupangia watu vifua vyao ndiyo kazi aliyoifanya kutwa nzima. Alikuwa mgomvi, tena wa sauti. Aligombana na wauza vitambaa, na waendesha pikipiki waliomrushia vumbi, na redio. Alikula senene hadharani, mkono mzima mdomoni, mbele ya wazee ambao bado wanaamini kwamba mwanamke kazi yake ni kuwakamata na kuwakaanga tu. Umbea wa Nkwenda wote ulipita mezani kwake na yeye aliuongezea chumvi. Lakini alichokiona nyuma ya lile pazia lake la maua hakikuwahi kutoka. Niliwahi kumchokoza anieleze habari za jirani yangu mmoja, akanitazama hadi nikaomba radhi.

Watu hudhani masharti yake ya nesi yalitokana na ujasiri. Yalitokana na aibu. Aliniambia mara moja tu, akijaza uzi kwenye bobini ya cherehani, macho yakiwa kwenye uzi. Kwaya ya akina mama kutoka upande wa Kaisho ilileta vitambaa vya sare, akawapima mmoja mmoja. Kulikuwa na mwimbaji wa sauti ya pili, mama mtu mzima, mke wa mzee wa kanisa. Fundi alipomzungushia futi aliona titi moja limevutika juu, chuchu imezama, na ngozi ina vishimo kama ganda la ndimu. Alijua. Nani angejua kama yeye? Lakini mama yule alikuwa mkubwa wake, wenzake walikuwa nje wanaimba wakisubiri zamu, na kwetu mambo ya matiti hayasemwi hivi hivi kwa mke wa mzee wa kanisa. Akaandika kipimo cha kifua, akasema asante mama, mwingine aje.

"Sare ile aliivaa mara mbili," Fundi akasema. "Mara ya pili ilikuwa ndani ya jeneza. Nilimshonea nguo ya kuzikiwa, Mwalimu, nikaihesabia vifungo."

Aliporudi kutoka mazishini aliingia dukani, akashusha vitambaa vyote vilivyokuwa vinasubiri na kuanza kuwafuata wenyewe nyumba kwa nyumba, akiwaambia waende kwanza kwa nesi. Wengine walimfukuza. Hakujali.

Kanisa lilituma wazee wawili wakamwonye. Siku hiyo nilikuwa pale nikisubiri sketi. Fundi aliwapigia magoti kama desturi inavyotaka, akawaamkia, akawakaribisha viti na kuwaletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Wakatafuna. Mmoja akakohoa.

"Tumesikia unawavua nguo wake za watu."

"Ndiyo, waitu," akasema, neno letu la heshima kwa wakubwa. "Gauni halipimwi juu ya sweta."

"Na unawaambia maneno. Maneno ya... ya kifua."

"Ya matiti," Fundi akasema.

Mzee akatazama kahawa yake. "Hilo neno, mama, mbele za watu, si zuri."

"Baba, ulipokuwa mchanga unalia njaa, ulipewa nini? Kifua?" Bado alikuwa amepiga magoti, na sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa. "Mke wako ana muda gani hajatazamwa? Usinijibu mimi. Kamjibu yeye."

Waliondoka bila kuaga vizuri. Wiki iliyofuata yule aliyekohoa alionekana nje ya kituo cha afya, amesimama na mwavuli, anamsubiri mkewe. Watu walimwona, na yeye aliona kwamba anaonekana, na hakuondoka. Sketi yangu niliipata siku ileile Fundi aliposimuliwa.

Ugomvi wake mkubwa zaidi ulikuwa kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuwa na kitambaa hata cha mita moja. Alikuwa kibarua wa kuchuma kahawa, wazazi wake walitoka Burundi, na alikuwa amekuja kuomba ashonewe khanga iliyochanika. Fundi akamuuliza swali lake la siku zote, mara ya mwisho ameonwa lini na nesi. Yule dada akasema kituo cha afya haendi, maana atadaiwa kitambulisho, na akishadaiwa kitambulisho hajui siku itaishia wapi. Walienda pamoja. Dirishani kijana aliyekuwa anaandikisha akaanza kuuliza asili ya mgonjwa, kijiji cha baba, kijiji cha babu. Fundi akaegemea dirisha.

"Mwanangu, andika ana matiti mawili. Hayo ndiyo yaliyomleta. Babu yake hatujaja naye."

Kijana akatafuta msaada kwa nesi, na nesi akasema mwacheni aingie. Dada yule hakukutwa na kitu. Alitoka akicheka, kwanza kwa kuwa alikuwa mzima, halafu kwa kuwa hakuna aliyewahi kumgombea mahali popote. Khanga yake ilishonwa siku hiyo kwa uzi wa hariri uliokuwa umebaki kwenye gomesi ya mama mchungaji.

Mimi mwenyewe nilichelewa kupata akili, na hapo ndipo nilipoujua upande wake mwingine. Binti wa dada yangu alikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ukoo mzima tumechagua sare, nami nikampelekea kitambaa nikijua maandishi yangu mekundu yamekufa muda mrefu. Nilidhani urafiki utanipitisha. Akakipandisha kabatini mbele yangu. Nikakasirika, nikaenda kwa nesi kwa hasira ili nimkomeshe. Nesi akanipima mlango wa kizazi, akasema salama, kisha akapitisha vidole kwenye titi la kulia na kurudi palepale mara tatu. Nikapewa rufaa. Nikachomwa sindano ya kutoa kinyama cha kupima. Nikaambiwa nisubiri majibu.

Zile wiki za kusubiri sitazisahau. Niliandika ubaoni nikasahau nilichokuwa nafundisha, na watoto wakanisubiri kimya. Fundi alinipitia kila siku baada ya vipindi. Hakunipa pole hata moja. Aliniketisha dukani, akanipa sindano na mashati ya sare za shule, akaniamuru nishone vifungo. Nikishona ovyo alivikata kwa mkasi nikaanza upya. Majibu yalipokuja yanasema uvimbe si saratani, nililia mbele yake. Yeye aliinuka, akashusha kitambaa changu kabatini na kusema haya, simama nikupime. Sendofu ilikuwa imeshapita. Gauni nililivaa siku ya kufunga shule.

Ni siku hiyo ya vipimo nilipomuuliza ana kwa ana. Nilimwambia kwenye daftari hayumo. Alikuwa na jibu tayari, na nililisikia tena kila mwaka baadaye: "Mimi nimeshatoa la kwangu. Wakashike ya wengine."

Lilisikika kama kiburi, na wengi walilichukua hivyo wakacheka. Mimi nilijua kitu kingine. Mwanamke huyu aliyeshika sindano tangu asubuhi mpaka giza aliogopa sindano ya hospitali kama mtoto. Aliwasindikiza wenzake mpaka mlango wa nesi, akawatia moyo na matusi kidogo, ila mlango ukifunguliwa na harufu ya dawa ikatoka, alirudi nyuma hatua mbili. Mwanza alikoambiwa arudi kila mwaka alienda mara mbili, akaacha. Nilimgombeza, nikambembeleza, nikatishia kupeleka vitambaa vyangu kwa fundi mwingine. Alinitazama mabega akasema utajuta.

Mwezi uliopita, siku ya gulio, aliniita. Haikuwa kawaida yake kuita mtu siku ya gulio, maana ndiyo siku duka linapojaa. Nilimkuta amewatoa wateja wote nje, wamekaa kwenye ngazi na mizigo yao ya ndizi. Akaniingiza nyuma ya pazia, akalivuta, akakaa kwenye kigoda ambacho wateja huwekea vitu vyao.

"Jana nimejichoma," akasema, na kunionyesha kidole. "Niliona damu kwenye kitambaa kabla sijasikia maumivu. Vidole vyangu vimekufa, Mwalimu. Pasi na mkasi vimevimaliza. Kila mwezi najipapasa na kila mwezi sioni kitu. Sasa sijui kama kitu hakipo au vidole havipo."

Akafungua vifungo. Sikuwahi kumwona hivyo miaka yote ile. Kovu lilikuwa limenyooka, limefifia, na nikaona kwamba mwili wake umezeeka bila mimi kujua.

"Wewe una vidole vya chaki," akasema. "Pitisha. Polepole, kama nesi."

Nikapitisha. Titi lilikuwa laini. Nikaenda kwapani, nikarudi, nikaenda tena, na hapo nikakuta kitu kigumu, kidogo kama punje ya kahawa. Nilitaka kudanganya. Nakiri hapa kwamba neno hakuna lilikuwa limeshafika mdomoni. Kisha nikamkumbuka mwimbaji wa sauti ya pili.

"Kipo," nikasema.

"Kinatembea?"

"Hakitembei."

Alifunga vifungo kimoja kimoja. Nje akina mama walikuwa wanabishana juu ya bei ya samaki. Hasira ikanipanda, hasira ambayo sikujua ninayo, nikamwambia yote: miaka yote ile, daftari, kitenge juu ya kabati, wazee aliowatoa jasho, mimi niliyeshona vifungo mpaka macho yakauma, na yeye amejificha nyuma ya jibu moja la kuchekesha.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado."

"Utamalizia kwenye basi la Mwanza. Twende wote. Peke yangu nitateremka njiani, najijua." Akakitazama kidole alichojichoma. "Niliogopa, Mwalimu. Hakuna kingine. Niliogopa tu."

Nami nilikuwa naogopa, na ninaogopa mpaka leo ninapoandika, maana tumeshachomwa sindano na tunasubiri majibu kwa mara ya pili maishani mwetu. Lakini pale nyuma ya pazia nilivuta kaunta buku, nikafungua ukurasa mpya na kuandika jina lake juu. Nikaichukua futi shingoni mwake. Mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Alisimama wima akijaribu kunisahihisha, nikamwambia anyamaze. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, nikaandika mwezi na mwaka.

Tulipotoka alipasua boksi la nyuzi, akanipa kipande. "Andika kwa herufi za ubaoni. Fundi amekwenda kupimwa."

Nikaandika kwa kalamu ileile nyekundu, FUNDI AMEKWENDA KUPIMWA KIFUA, nikamwonyesha.

"Kwani nina kikohozi?" akasema. "Geuza upande wa pili. Andika titi."

Nikageuza, nikaandika titi. Akakining'iniza mlangoni mwenyewe, barabara ikiwa imejaa watu, wanaume kwa wanawake, na pikipiki zikipunguza mwendo. Mama mmoja wa ngazini akaomba nimsomee. Nikasoma kwa sauti yangu ya darasani.

"Na nguo zetu je?" mama yule akauliza.

Fundi alikuwa anabana kufuli. "Mwalimu, ongeza hapo chini. Wenye nguo wasubiri."

Nikaongeza. Akarudi nyuma kidogo, akayatazama maandishi kama anavyokagua pindo kabla hajakukabidhi gauni, kisha akawatazama wale akina mama mmoja mmoja.

"Sasa andika tena," akasema. "Ambao hawajapimwa wasisubiri."